Kanga Iliyofuliwa

Kila asubuhi Esta alifagia uwanja, akachota maji, kisha akamlisha uji mdogo wake Maduhu kabla ya kukimbilia shule. Aliporudi, Bibi Mbuke alimkabidhi mtoto tena, naye akambeba mgongoni hadi jioni. Ndivyo mambo yalivyokuwa nyumbani kwao Kalangalala, Geita, tangu mama yake aliposafiri.

Mama Esta alikuwa yaya kwa mzungu mmoja wa mgodi wa dhahabu. Mwaka 1953 mzungu huyo alikwenda likizo kwao London, akamchukua yaya ili amtunze mwanawe Pita, mtoto wa miaka miwili, rika la Maduhu. Baba Esta alikubali shingo upande.

Siku ya kuondoka, Mama alimpa Esta kanga yake ya kulalia.

"Usiifue," alisema. "Ina harufu yangu. Mlaze Maduhu juu yake, umtajie jina langu kila siku, asinisahau."

Esta alitii. Lakini baada ya miezi miwili dereva wa mgodini alileta picha. Mama alikuwa amesimama mbele ya jumba refu kuliko mnara wa kanisa, amevaa koti zito, anacheka. Mgongoni mwake alikuwa Pita, amemshika sikio.

"Tazama mama yako anavyopendeza!" Bibi alisema.

Esta aliisukuma picha kando kwa wivu. "Mimi nabeba ndoo, mwenzangu anabebwa mjini!" aliwaza. "Mimi Mama amenionyesha nini? Hata Shinyanga sijafika!"

Jioni ile aliichukua kanga, akaipaka sabuni, akaipigapiga juu ya jiwe mpaka harufu yote ikaisha. Tangu hapo hakumtaja Mama tena. Maduhu alipoita "mayu", ambalo kwa Kisukuma ni mama, Esta aliitika yeye.

Mama alirudi mwanzoni mwa kilimo.

"Shikamoo, mama," Esta alisema.

"Marahaba, mwanangu!" Mama alimkumbatia, kisha akamnyooshea Maduhu mikono. Mtoto alipiga ukelele, akajificha nyuma ya Esta na kung'ang'ania sketi yake. "Mayu! Mayu!" alilia, akimwita dada yake. Mama alishusha mikono taratibu.

Jioni majirani walijaa uwanjani kusikia habari za London. Mama aliwasimulia juu ya mabasi ya ghorofa, treni zinazopita chini ya ardhi, na daraja linalofunguka katikati kupisha meli.

"Kumbe ulistarehe, Mama Esta!" alisema jirani yao, Mama Bujiku.

"Nistarehe wapi! Daraja lilipofunguka, kiatu cha Pita kilikuwa kimepotea, nimeinama nakitafuta. Tulipofika kwenye jumba la Malkia, akataka kukojoa. Mji mzima niliutazama kwa pembe ya jicho."

Watu walicheka. Mama naye alicheka, kisha akamtazama Maduhu aliyekuwa amelala mapajani mwa Esta.

"Na ulimi wangu ulikuwa hautulii," alisema. "Nataka kumwita Pita, mara namwita Maduhu, mara Esta. Mama yake Pita alikuwa akinicheka. Kumbe huku mwanangu amekwisha kunisahau."

Moyo wa Esta ulimchoma. Wageni walipoaga tu, machozi yakamtoka.

"Mama, hakukusahau mwenyewe. Ni mimi niliyemsahaulisha." Akaeleza yote, tangu picha hadi sabuni.

"Lo! Mtoto huyu!" Bibi alisema, akashika kiuno.

"Kwa nini, Esta?" Mama aliuliza.

"Nilimwonea wivu Pita. Nilidhani umepata mtoto mwingine, na sisi tumekuwa mzigo."

Mama alikasirika, na hakuficha. "Umenikosea mimi, na umemkosea zaidi Maduhu, ambaye hakukufanyia lolote." Halafu sauti yake ikalegea. "Ng'ombe haelemewi na nunduye. Ninyi si mzigo kwangu, wala hamtakuwa."

Kuanzia kesho yake, Esta alikaa karibu na Mama kila wakati wa chakula, akimwambia Maduhu, "Huyu ndiye mayu. Mimi ni dada." Mwanzoni mtoto alilia. Baadaye akakubali uji kutoka mkononi mwa Mama, halafu akakubali kuogeshwa.

Alasiri moja Maduhu alianguka uwanjani, akachubuka goti. Esta alimkimbilia, mikono wazi. Maduhu alimpita, akaenda moja kwa moja kwa Mama aliyekuwa ameketi mkekani.

Esta alibaki amesimama, mikono mitupu.

"Mama," alisema hatimaye, "naona wivu."

Mama alicheka mpaka akafuta machozi.

"Hata mimi, siku ile alipokukimbilia wewe, nilikuonea wivu, mwanangu wa kumzaa! Wivu humwingia kila mtu, Esta. Ukiuficha moyoni, utamwumiza asiye na kosa. Ukiusema kama ulivyousema leo, utapata wa kukutuliza. Njoo hapa."

Akasogea, akaacha nafasi mkekani. Esta, na miaka yake yote kumi na miwili, akaenda akamwegemea mama yake begani.