Kipande cha Pili cha Kanga

Eliudi hakuwa na shati la pili. Hakuwa na viatu, wala saa, wala mjomba karani wa kumsemea kwa wakubwa. Baba hakuwa naye tangu utotoni kule Usambara. Na Jumamosi moja ya mwaka 1954, saa tisa alasiri, kwenye bomba la maji la soko la Ngamiani, mbele ya akina mama na ndoo zao, hakuwa hata na suruali.

Asubuhi alikuwa kwenye korona, mashine ya kusaga majani ya mkonge, na maji ya mkonge yalimlowesha kutoka kifuani mpaka magotini. Wafanyakazi huoga kwanza ndipo waondoke, kwani maji yale yakikauka mwilini huwasha kama moto. Siku hiyo pampu ya shamba iliharibika, na lori la kwenda Tanga halingoji mtu. Eliudi alikuwa na mtihani wa shule ya jioni. Akapanda hivyo hivyo.

Kufika sokoni ngozi ilikuwa inawaka. Alitupa nguo, akajiingiza chini ya bomba.

"Kichaa!" wanawake walipiga kelele.

"Si kichaa, ni mkonge!" sauti moja ilijibu. Msichana mrefu wa gauni la kijani alifungua kanga nyekundu aliyojitanda, akamrushia. "Jifunge, kaka! Na usijikune, utajichuna!"

Alikuwa Praxeda, binti wa Mzee Rafaeli, mnyapara wa shamba jirani. Mwasho ule aliujua tangu utoto.

Askari walipofika waliitaka kanga iwe ushahidi. Eliudi aliing'ang'ania kwa mikono miwili.

"Afande, nikiiachia nitabaki uchi tena!"

Wakavuta, akavuta. Jioni alikuwa mahabusu kwa makosa mawili: kufanya aibu hadharani na kuwapinga askari waliomkamata.

Jumatatu Praxeda alifika mahabusu na bakuli la mihogo ya nazi.

"Nimefuata kanga yangu," alisema, kakaza uso.

"Kanga yako nayo imefungwa, dada. Tunangoja kesi pamoja."

Praxeda akacheka, ingawa hakutaka. "Na ule mtihani uliokuwa ukiulilia walipokukamata?"

"Umenipita."

"Basi kula. Mwenye njaa hafaulu mtihani wowote."

Alirudi Jumatano. Aliporudi Ijumaa, Eliudi hakugusa chakula.

"Praxeda, nikitoka hapa nitakuja kwenu kwa mlango wa mbele, nimevaa suruali iliyopigwa pasi."

"Uvae vizuri, mpenzi, baba asijue kwamba mimi nilikwisha kukuona bila hiyo suruali." Kisha sauti ikamlegea. "Kanga ni jozi. Kipande cha pili kiko nyumbani, nimekipinda kwa uzi wa buluu kama kile cha kwanza. Nitasimama mahakamani nikionyeshe."

Hakusimama. Mzee Rafaeli alipata habari, akampeleka Maramba kwa shangazi yake Yudith kabla ya kesi kuanza. "Binti yangu hatasimama mbele ya watu kueleza alimwona nani uchi," alisema.

Jumatatu ya wiki ya pili ya kesi, binamu yake Bertha alifika kutoka Tanga.

"Wanasema alimpokonya mwanamke kanga, ndio maana mwenyewe hajitokezi. Hakimu kamwuliza mara tatu, kanga ya nani? Mara tatu kajibu, simjui. Umekanwa, shoga yangu. Hukumu ni Ijumaa. Watu wanasema miezi sita na viboko."

"Hanijui?" Praxeda aliruka. "Mihogo yangu aliijua!"

Alikitupa kile kipande cha kanga mvunguni, akalia mpaka macho yakavimba.

Kesho yake mchana baba yake akaja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Futa machozi. Yule kijana ana adabu. Nilimwendea mahabusu nikamwomba asikutaje, akaniapia kwa Biblia. Jina lako liko salama."

Praxeda alishika mlango. "Baba, ulimwomba afungwe?"

"Nilimwomba akutunzie heshima."

"Ameitunza. Na ya kwake nani ataitunza?"

Praxeda aliinama mvunguni, akakikung'uta kipande cha kanga, kisha akaomba karatasi kwa shangazi. Mvua ilikuwa imeanza kuikata barabara. Basi la saa kumi lingejaribu kupita bila abiria. Baada ya hilo hakuna aliyejua.

Aliandika: "Bwana Hakimu, kanga ni yangu. Sikupokonywa, nilimpa. Mtu yule alikuwa anaungua kwa maji ya mkonge, na askari walipoivuta alikuwa anaificha aibu yake, hakuwa anapigana. Linganisha uzi wa pindo. Nikiitwa nitakuja kusema mbele ya wote. Mwambie Eliudi kwamba mimi ninamjua."

Mzee Rafaeli alichungulia begani kwake. Kusoma hakujua.

"Umeandika jina gani hapo chini?"

"Praxeda binti Rafaeli."

Mzee alitazama nje, kwenye tope. Kisha akaenda jikoni mwenyewe, akarudi na kijiko cha uji wa muhogo.

Praxeda alipaka uji kwenye bahasha, akaikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika. Aliizungushia kanga, akafunga kwa kamba ya mkonge, akakimbia peku hadi kituoni.

"Mahakamani Tanga, kaka Haji. Kabla ya Ijumaa."

Haji dereva alitazama mawingu, akausukuma mzigo chini ya kiti chake, akawasha gari.