Mnyama wa Mguu wa Kulia

Zipora alitoka kwake alfajiri kwenda kuomba moto kwa jirani yake Matonya, akarudi mikono mitupu, ameshika kinywa. Saa moja asubuhi kijiji kizima kilichokuwa chini ya vilima vya Hombolo kilikuwa kimesongamana mlangoni pa tembe la Matonya. Matonya mwenyewe alikuwa zizini, katikati ya ng'ombe wake, koo limeraruliwa na kifua kimechanwachanwa. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Mtu aliyeuawa na Mwenye Kucha haguswi mpaka mganga afike, na mganga alikaa mbali.

Huyo Mwenye Kucha alikuwa amewasumbua msimu mzima. Nyayo zake zilionekana kwanza kisimani, pana kama sahani, kisha ndama wakaanza kupotea. Wazee walisema ni kitu cha kutumwa, hakina mama wala baba. Mjerumani mmoja alipopata habari akaja mbio na mahema yake, maana kazi yake ilikuwa kutafuta wanyama ambao Ulaya ilikuwa haijawapa jina. Watu walimwita Bwana Mifupa. Ulikuwa mwaka wa pili tangu reli ifike Dodoma, na boma la serikali lilimpa askari wake mmoja, Shaushi Rehani, amlinde.

Shaushi Rehani, basi, ndiye aliyeingia zizini. Sitawaficha: hakuwa mtu mwema. Baba yake alibeba mizigo ya misafara mpaka shingo ikapinda, na mwana alipovaa sare aliapa kwamba sasa watabeba wengine. Lakini macho alikuwa nayo.

Maiti ililala ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kidogo, kiganja chini ya shavu, uso umeelekea machweo. Damu nyingi haikuwa hapo. Ilikuwa hatua chache pembeni, imelowesha samadi, na samadi hiyohiyo ilimganda marehemu kwenye paji la uso na tumboni.

"Nani kamgeuza huyu?" Rehani aliuliza.

"Shaushi, mimi nimemkuta hivyohivyo," Zipora alisema. "Nikapiga yowe, wakaja. Tangu hapo hakuna aliyevuka kizingiti."

Kando ya zizi, juu ya chumba cha nafaka, paa la udongo lilikuwa na tundu la kumtosha mtu. Wote walilionyesha kwa vidole: kapitia pale. Rehani akapanda juu. Udongo uliobomolewa ulikuwa umelundikana juu ya paa, kuzunguka tundu. Chini, chumbani, sakafu ilikuwa safi. Akashuka.

Bwana Mifupa alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi la mlangoni, akipima nyayo. Asubuhi ile alikuwa na furaha ya bwana harusi, lakini kadiri alivyopima ndivyo uso ulivyokunjamana.

"Rehani, njoo. Kidole kikubwa kiko upande gani?"

"Kushoto, bwana."

"Na hapa? Na pale?"

"Kushoto. Kushoto. Yote ni miguu ya kulia."

Mjerumani akasimama, akajipangusa magoti. "Mnyama nisiyemjua bado ni mnyama. Anakula, anakunywa, anakunya, ananyonyoka manyoya. Huyu hakula hata pande la nyama. Hana kinyesi, hana unywele, na anaruka kwa mguu mmoja. Nimepoteza wiki nzima. Waambie si mnyama."

Rehani akawaambia. Na hapo, jamani, ndipo mambo yalipoharibika, maana jumbe wa kijiji na wazee walisikia nusu tu ya maneno. Mzungu mwenyewe, mwenye vitabu, kasema si mnyama. Kumbe wao walikuwa sahihi: ni kitu cha kutumwa. Na kitu cha kutumwa kina aliyekituma.

Macho yote yakamgeukia Loisi, mke wa Matonya. Alikuwa amekaa ukutani, jicho moja limevimba kwa kipigo cha juzi. Hakuwa na mtoto. Na juzi hiyohiyo, mbele ya wanawake kisimani, alisema kwa mdomo wake: "Heri Mwenye Kucha angekuja akamchukua."

"Kesho atakunywa mwavi," jumbe alisema. "Akitapika, ni msafi. Asipotapika, imekwisha."

Serikali ilikuwa imepiga marufuku kiapo hicho cha sumu, na jumbe alilijua hilo. Alimtazama shaushi aone atasema nini. Rehani akavuta mkanda wa sare yake, akasema atatoa jibu jioni.

Mtu wa kwanza ambaye Rehani alimshuku alikuwa Seleman, mchuna ngozi wa Bwana Mifupa, mtoto wa mjini Dodoma, mtu wa swala tano. Alikuwa na visu, alikuwa na kucha za chui kwenye sanduku, na wiki ile Matonya alikuwa amemtukana hadharani kwa kuchotea maji kisima cha ng'ombe.

"Ulikuwa wapi jana usiku?"

"Hemani, shaushi. Wallahi."

"Nani shahidi yako?"

"Mungu."

"Huyo hayupo kwenye orodha ya boma," Rehani alisema, akaamuru alazwe. Hamsa wa ishirini za kiboko, hesabu ya serikali. Kabla ya nusu Seleman alikuwa amekiri kila kitu. Ndiyo, nimemuua. Ndiyo, kwa kisu. Angeulizwa kama amezaa tembo angekubali pia.

"Ulimwachaje?" Rehani aliuliza.

"Nilimwacha alivyoanguka, nikakimbia."

"Alielekea wapi?"

"Sijui, shaushi. Kibla. Kokote utakako."

Rehani akainua mkono, kiboko kikasimama. Mwislamu akimlaza maiti kwa mazoea ya mkono wake, humwelekeza kibla, na kibla ya huku ni kaskazini. Marehemu alielekea machweo. Huyu hakuwepo. Rehani hakumwomba radhi. Alimrushia kipande cha shuka ajifunike mgongo, kisha, kana kwamba hakikutokea kitu baina yao, akamwomba kwinini kutoka sanduku la dawa la bwana wake. Alisema ana homa.

Alasiri akawahoji wa nyumbani. Walikuwa wawili tu waliolala tembe lile pamoja na marehemu: Loisi, na Filipo, mdogo wake Matonya, kijana mpole aliyebatizwa misheni ya Mvumi na kujifunza huko kupiga randa.

"Nililala, shaushi," Filipo alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, macho mekundu kwa kulia. "Sikusikia kitu. Ni kaka yangu. Ningesikia ningetoka na mkuki."

"Unaamini shemeji yako katuma kitu?"

Filipo akatazama chini. "Mimi ni Mkristo. Siyajui hayo."

"Lakini hujasema hapana."

Loisi aliulizwa peke yake, mlangoni pa chumba cha nafaka.

"Nililala," alisema. "Na shemeji naye alilala."

"Mama, mtu aliyelala anajuaje mwenzake kalala?"

Loisi akasema polepole, "Shemeji ni mtu mzuri. Wakati wa kiangazi alikuwa akinitekea maji, na mume wangu anatazama tu. Msimtie humu. Mimi nimeshakuwa wa kufa."

Rehani alikuwa na jibu lake, lakini jibu si ushahidi. Kukiri kwa kiboko alikwisha kuona thamani yake mchana ule. Bwana wa boma angetaka shahidi, na shahidi alikuwa mbele yake, amefunga mdomo kwa huruma. Akaenda kwa jumbe.

"Atakunywa," alisema. "Ila kikombe nitashika mimi. Serikali haimwachii mganga kazi ya kuua watu wake."

Asubuhi ya pili walikusanyika uwanjani, mganga amefika, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Loisi alinyolewa nywele. Rehani alipokea unga wa gome kutoka kwa mganga, akaugeukia mtungi, akawapa watu mgongo kidogo. Kisha akageuka na kibuyu mkononi.

"Kabla hajanywa," alisema, "aliye na neno aseme. Huyu mama akifa leo, hafufuki kesho kwa majuto ya mtu."

Alimtazama Filipo waziwazi. Uwanja mzima ungeweza kuona, kama ungetaka kuona. Filipo alikuwa na jasho mdomoni. Midomo ilifunguka. Loisi naye alimtazama, si kwa kumwomba. Alimtazama kama mtu anayemtuliza mwenzake. Midomo ya Filipo ikafungika.

Loisi akanywa. Ulikuwa mchungu kupita maelezo, akakunja uso, akamaliza mpaka tone la mwisho. Akaketi chini kungoja kufa.

Muda ulipita. Rehani aliuacha upite, na hili ndilo silisamehe mpaka leo. Mwanamke alikuwa ameanza kuagana na Zipora, akimwachia chungu chake na kipande cha shamba la uwele. Filipo aliyatazama hayo yote na hakusema kitu.

Ndipo Rehani alipozungumza.

"Bwana Mifupa amewaambia si mnyama, nanyi mkarukia shetani. Haya, tumuulize shetani. Kitu kisicho na mwili kinabomoa paa kwa nini? Tena kinabomoa kikiwa ndani: udongo umerushwa juu, chini hakuna hata bonge. Aliyemuua Matonya alikuwa ndani ya tembe. Na kikimaliza kuua, shetani gani anamgeuza mtu aliyeanguka kifudifudi, anamkunja magoti, anamlaza ubavu wa mkono wa mkuki, uso kwenye machweo? Jumbe, nani analazwa hivyo?"

Jumbe alijibu kwa sauti ndogo. "Mwanamume wetu. Akifa."

"Na nani anamlaza?"

"Wa damu yake. Mwanamke haruhusiwi, hata awe mkewe."

Rehani hakuinua sauti. "Mdogo wake alimuua vizuri sana, akapanga kila kitu. Lakini alipomwona kalala kifudifudi kwenye mavi, mkono ukafanya ulichofunzwa. Hakuweza kumwacha vile. Filipo, sema uongo nikusikie."

"Ni wazee waliosema Mwenye Kucha—" Filipo alianza, akakwama. "Hakuna aliyeniona."

"Mimi nilikuona," Loisi alisema.

Alisimama kwa kushika bega la Zipora. Alikuwa hajajua bado kwamba hatakufa, na aliongea kama mtu asiye na la kuogopa. "Nilikusikia ukitoka. Nilikuona ukirudi na matope mikononi, ukaweka kipande cha mti kwenye moto. Kiliungua mpaka asubuhi. Tangu masika ulikuwa unakichonga. Nilikuuliza, ukasema unanichongea mwiko. Nikafurahi. Sikuwahi kuchongewa kitu."

Filipo akapiga magoti. Maneno yakamtoka yote kwa pamoja: kaka alikuwa anampiga Loisi, kila siku anampiga, na kwa mila mke wa marehemu na ng'ombe wake ni wa mdogo wake, angemtunza, asingeinua mkono juu yake milele. Ndama waliliwa na fisi kama miaka yote. Yeye aliongeza nyayo tu. Alichonga unyayo mmoja kwa sababu ulichukua siku nyingi. Hakujua watamshika Loisi. "Nilikuwa nataka kusema," alisema. "Loisi, nilikuwa nataka."

"Ni kwinini, mama," Rehani alimwambia Loisi. "Unga wa mganga uko mfukoni mwangu. Masikio yatavuma kidogo, basi."

Loisi alimtazama shaushi, akaelewa amefanyiwa nini na watu wawili, si mmoja. Hakushukuru.

Bwana Mifupa alikuwa tayari anafunga mahema. Jumbe aliwaza ng'ombe sasa ni wa nani, wazee wakaanza kubishana. Askari wakamfunga Filipo kamba shingoni kwa safari ya boma, ambako wote walijua mti gani unamngoja. Alipopitishwa mbele ya wanawake alisimama, midomo imekauka.

"Nipe maji, Loisi. Nakuomba. Nilifanya kwa ajili yako."

Mtungi ulikuwa miguuni pa Loisi. Aliinama, akachota kibuyu kile kile, kikajaa. Akakishika mkononi, akamtazama usoni mpaka Filipo mwenyewe akainamisha kichwa. Kisha akakinywa chote yeye, taratibu, kuondoa uchungu mdomoni.