Hoja Dhaifu za Lusungu

Isakwisa alikuwa amefika kwenye hoja ya pili wanafunzi walipoanza kucheka. Alisimama mbele ya klabu ya mdahalo, akisoma kwa Kiingereza karatasi iliyoandikwa na mwenzake, Lusungu. Ilisema wauza ndizi waondolewe kando ya barabara kuu kwa sababu maganda ya ndizi hayapendezi machoni.

"Endelea, mheshimiwa!" Happyness alimtania. "Na harufu je?"

Isakwisa aliishusha karatasi. Jumatano ijayo yeye na Lusungu wangekiwakilisha kidato cha pili kwenye mashindano ya Kiingereza mjini Tukuyu. Wote wawili walitamani utumishi wa umma. Isakwisa alitaka uhakimu, Lusungu alitaka kuwa mtendaji wa kata.

"Lusungu, umenichoma," alisema. "Juzi uliipinga mada hii kwa hoja sita. Leo tumepewa kuitetea, unaniandikia upuuzi! Umefanya makusudi."

"Ndiyo, makusudi!" Lusungu aliinuka. "Mama yangu anauza ndizi pale Kyimo. Nisimame mbele za watu niseme afukuzwe? Tena kwa Kiingereza, asielewe hata anavyosemwa? Heri tushindwe!"

Mwalimu Hezron, mlezi wa klabu, hakugomba. Aliichukua karatasi, akaisoma yote, akamrudishia Lusungu.

"Kamsomee mama yako kwa Kiswahili," alisema. "Akisema hoja hizi zinatosha, tutakwenda nazo Tukuyu kama zilivyo."

Jioni ile Lusungu alimkuta mama yake akipanga chane za ndizi mezani, kando ya barabara. Alimsomea huku akitarajia kusifiwa.

"Nani kaandika haya?" mama aliuliza.

"Mimi, mama. Nilitaka upande wa wanaotaka mwondolewe ushindwe."

"Gwe, wewe mwanangu!" Mama aliiweka chini chane aliyoishika. "Mwezi wa nne lori liliteleza kwenye ukungu, likapindua meza ya jirani yangu Tulinagwe, mwenyewe akarukia mtaroni. Hapa hapa! Hilo hukuliona? Na magari yakisimama ovyo kununua ndizi, watoto wa shule wavukie wapi? Sababu wanazo. Mimi sitaki kuhama, lakini sababu wanazo."

"Sasa mbona unawasaidia?"

"Nakusaidia wewe! Alikuja afisa mmoja hapa kutuhamisha. Karatasi yake ilijaa maneno ya upande mmoja tu. Nikamwambia, baba, huko unakotupeleka wateja hawafiki. Hakuandika hata neno. Nililia kwa hasira siku ile. Leo mwanangu mwenyewe anajifunza kuandika kama yule?"

Lusungu aliikunja karatasi.

"Anayeficha sababu za mwenzake anasema uongo, hata kama ananitetea mimi," mama alisema, sasa kwa upole. "Jifunze kuzieleza za kila mtu kwa haki, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Ukifanya hivyo, siku ukipewa ofisi tutaingia bila woga."

Nyumba ya kina Isakwisa ilikuwa ng'ambo ya barabara. Lusungu alivuka, akamkuta akichota maji.

"Nimekukosea," alisema. "Nilikuwa tayari uaibike kwa ajili ya hasira zangu. Nisamehe."

"Maganda ya ndizi, Lusungu? Kweli?" Isakwisa alinuna kidogo, kisha akatua ndoo. "Haya, twende."

Walikaa kwenye kreti tupu nyuma ya meza ya ndizi. Mama alieleza, wao wakatafuta maneno ya Kiingereza ya ukungu, mtaro na kivuko, wakaulizana maswali kama wapinzani watakavyowauliza. Hoja ya kwanza ikasimama. Ya pili ikasimama pia, ingawa Isakwisa aliifuta mara mbili. Ya tatu, kuhusu anachokiona dereva kwenye ukungu, ikawashinda.

"Hiyo mimi siijui," mama alisema akifunika ndizi kwa turubai. "Wanaijua madereva wa malori. Kesho asubuhi watasimama hapa kununua. Waulizeni wenyewe."

Lusungu aliandika namba tatu, akaacha mistari minne mitupu ya kujaza majibu ya madereva.