Nani Alimwaga Mvinyo wa Marehemu?

Wageni wa kuonja mvinyo walitarajiwa mchana. Asubuhi hiyo, kabla chai haijaiva, mama mwenye kiwanda aliteremka kwenye ghala la chini ili apanguse pipa la marehemu mumewe. Alipofungua mlango, miguu yake ilikanyaga dimbwi. Pipa lilikuwa tupu, kizibo kimepondwapondwa, nyundo imetupwa kando.

Halikuwa pipa la hivi hivi. Lilihifadhi mvinyo wa mavuno ya kwanza, ule alioukamua marehemu kwa mikono yake majirani wakimcheka kwamba anapanda mizabibu juu ya mawe. Kila mwaka wageni walipewa funda moja moja, kisha wakanunua mivinyo mingine ya kiwanda kwa heshima ya funda hilo.

Kituo cha polisi kilimtuma mpelelezi mmoja, mwanamke mfupi ambaye wenzake walimwita Gundi, kwa kuwa jambo akilishika halibanduki.

Kijana mkubwa wa mama huyo alimpokea mlangoni. "Afande, kazi yako imekwisha. Mwizi wetu nimemfungia stoo."

"Mwizi gani?"

"Kipara, mtunza ghala. Ana ufunguo, suruali yake imelowa mvinyo, na juzi tu nilimwambia namwachisha kazi. Unataka nini tena?"

"Nataka kumsikia yeye."

Kipara alikuwa ameketi juu ya gunia, macho mekundu. "Suruali imelowa kwa sababu mama alipopiga kelele nilikimbia nikapiga magoti nione kama kimebaki kitu pipani," alisema. "Dada yangu, mimi pipa lile nalipangusa tu. Kulifungua ni kazi ya Mjomba peke yake. Ndiye anayelijaza linapopungua ili hewa isiingie, na ndiye anayelionja. Nikikigusa kizibo, marehemu atanitokea ndotoni."

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Yangu hii, na ya mama. Ya mama inaning'inia jikoni, kila mtu wa nyumba anaiona."

Gundi alishuka ghalani. Alichutama, akachovya kona ya leso yake nyeupe kwenye dimbwi, akaiangalia kwenye mwanga wa dirisha. Zambarau tupu, mbichi kama ganda la zabibu. Aliikunja leso, akapanda jikoni alikokuwa mama mwenye kiwanda na kaka yake, huyo Mjomba, mzee mtanashati mwenye mikono laini. Maneno yake ndiyo yaliyoandikwa kwenye kila chupa: huu una harufu ya tini kavu, ule una moshi wa mbali. Watu walisema pua yake ndiyo mtaji wa nyumba.

"Mama, mvinyo wa pipa lile ulikuwa na rangi gani?"

"Kama tofali, mwanangu. Mvinyo mwekundu ukizeeka huacha wekundu wake."

"Na kijana wako jana alilala hapa?"

Mama alisita. "Alilala."

"Hapana, Mama," kijana alisema kutoka mlangoni. "Usinisemee uongo. Afande, nililala mjini, kwa mtu anayetaka kununua shamba hili. Mpigie simu. Nataka kuuza, sikatai. Lakini ningeuza nini bila pipa lile? Nitajikata mguu halafu niingie mbio?"

Gundi alipiga simu, na mtu wa mjini akathibitisha. Alikuwa bado hajaweka simu mfukoni maziwa yalipofurika kwenye jiko la nje, nyuma ya ukuta, yakaanza kuungua. Harufu iliwafikia. Mama aliruka, kijana akakimbilia dirisha. Mjomba peke yake aliendelea kukoroga chai, kisha akainua uso. "Vipi tena? Mnakimbizana na nini?"

Gundi alitia simu mfukoni. Aliomba ndoo ya maji.

Alimtoa Kipara stoo, wakashuka ghalani amsaidie kuligeuza pipa tundu likae juu, akamimina maji. Hayakukaa. Yalichuruzika katika kila upenyo, kati ya ubao na ubao, mpaka viatu vikalowa. Gundi alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alikuwa ameogeshwa utotoni kwenye beseni la mbao la bibi yake, akajua kwamba mbao zikikaa na maji huvimba zikabanana, na zikikauka hunywea. Pipa hili halikuwa limejaa jana. Lilikuwa tupu kwa miezi.

Alipanda kwenye ukumbi wa kuonjea, akawaita wote wanne. Mezani aliweka bilauri moja ya mvinyo.

"Mjomba, nisaidie. Nimeukuta huu ghalani, sijui ni upi. Nusa tu, usionje."

Kijana alikunja uso. Mama aliziba pua kwa ncha ya kanga. Mjomba aliinua bilauri, akaizungusha kwa madaha, akainusa kwa muda mrefu macho yamefumba.

"Ah. Wa mteremko wa juu. Tini, na moshi kidogo."

"Kaka!" mama alisema. "Hayo si mafuta ya taa?"

Gundi aliichukua bilauri taratibu kutoka mkononi mwa mzee. "Ni mafuta ya taa, nimetia mwenyewe. Mjomba, pua yako imekufa tangu lini?"

Mikono laini ilitafuta kingo za meza.

"Tangu homa ya baada ya mavuno," alisema mwishowe. "Nilidhani pua itapona. Hewa iliingia ndani ya pipa. Pua ingenionya mapema. Ulimi uliponiambia, mvinyo wa shemeji ulikuwa umeshageuka siki. Niliumwaga kidogo kidogo."

"Na leo wageni wanakuja," Gundi alisema, "ukachukua ufunguo jikoni, ukavunja kizibo, ukamwaga mvinyo mpya sakafuni ionekane ni hujuma."

"Ningewaambia nini? Nyumba nzima inakula kwa pua yangu."

"Mficha maradhi kilio humuumbua," mama alisema. "Siki ningeisamehe, kaka yangu. Lakini asubuhi nzima unakunywa chai, mwenzako amefungiwa stoo!"

Kijana aliinamisha kichwa. "Niliyemfungia ni mimi. Kipara, nisamehe."

Nje magari ya wageni yalianza kuingia. Gundi alimgeukia mtunza ghala. "Wewe ndiye uliyesingiziwa. Ukitaka twende kituoni, tutakwenda sasa hivi."

Kipara alimtazama mzee aliyefanya naye kazi tangu ujana.

"Sitaki kituo," alisema. "Wafanyakazi wote wameniona nikiburutwa. Mjomba, jina langu limechafuliwa mbele ya watu. Mbele ya watu ulisafishe. Na nitasimama hapo hapo nikusikie."

Mzee aliiachia meza. Alinyoosha koti lake, akavuka ukumbi. Mlango ulipofunguliwa, wageni walimshangilia, mmoja akamnyooshea bilauri. Aliisogeza pembeni kwa kiganja.

"Leo sionji," Mjomba alisema. "Karibuni mketi. Nina jambo la kuwaambia, na linaanza na huyu bwana aliyesimama nyuma yangu."