Krauni Iliyosuguliwa

Hester Ogden aliingia ukumbini pale Stockport, Uingereza, kukwepa mvua tu, koti lake la kijani likichuruzika maji. Ndani yalikuwa maonyesho ya sarafu za kale, meza kwa meza, wazee wameinamia vioo vya kukuzia. Akaokota peni moja kubwa ya shaba.

"Shika ukingoni, mpenzi," akasema mwenye meza. "Jasho la vidole linaila."

"Mpenzi wako nani?"

"Huku kila mtu ni mpenzi. Hata muuza samaki atakuita hivyo."

Huyo ndiye Clive Entwistle, mrefu, sweta limetoboka kiwikoni. Akamfundisha kutazama: nywele za Malkia Viktoria aliyechorwa pale zikionekana uzi kwa uzi, sarafu haikutembea sana, shavu likiwa bapa, imepita mikono mingi. Hester akacheka, mara ya kwanza tangu amzike mama yake. Toka hapo wakawa wanapigiana simu kila jioni, Hester akimtania kwamba hilo sweta nalo ni la enzi ya Viktoria.

Clive alikuwa na krauni ya Viktoria, sarafu pana ya fedha aliyoachiwa na baba yake. Miaka ilikuwa imeivisha fedha ile weusi wenye bluu na zambarau. Siku ya kuzaliwa ya Clive, Hester alibaki peke yake nyumbani kwa Clive akiandaa keki, akauonea huruma weusi ule. Akachukua dawa ya kung'arishia vijiko, akaisugua krauni mpaka ikawaka, akaiweka kando ya keki.

Clive aliporudi, aliitazama bila kupaza sauti. Akamweleza kwamba ule weusi ndio uliokuwa umri wa sarafu, haurudi tena, na hakuna mkusanyaji atakayeitaka.

"Baba hakuniruhusu hata kuigusa," akasema.

Hester akavaa koti lake. Keki haikukatwa.

Simu zikakoma. Clive alidhani amekimbiwa, Hester alidhani amefukuzwa. Hester akawa anaenda kazini kwenye duka la viatu, anarudi, anakula maharage ya kopo juu ya mkate. Hakulia. Moyo ulikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya, upo lakini hausikii kitu.

Majira ya baridi yalipoisha ndipo simu ikalia.

"Jumamosi kuna maonyesho," akasema Clive. "Njoo, mpenzi."

"Mpenzi wa muuza samaki?"

"Wangu."

Hester alimkuta mlangoni mwa ukumbi, na sweta lilelile. Clive akachomoa krauni mfukoni, katikati ya funguo. Ilikuwa imechubuka, mng'ao umeanza kufifia.

"Ilipokuwa nzima iliishi kabatini," akasema. "Sasa natembea nayo. Fungua mkono."

Hester akaipokea kwa ukingo, kama alivyofundishwa.

"Hapana. Ishike yote. Tuoane, Hester."

Hester akangoja furaha ije. Haikuja, si siku hiyo. Kilichokuja ni joto la mfuko wa Clive, likitoka kwenye fedha likiingia kiganjani mwake. Akafumba vidole.

"Haya," akasema. "Ila kwanza nishone hicho kiwiko."