Mawe Kwenye Shimizi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Lineo alipiga magoti sakafuni akamfunga mama yake kamba za viatu. Mama yake, Malineo, alikuwa fundi wa kufuma mazulia ya sufu ya mbuzi katika mji mdogo wa Teyateyaneng, na kazi ya mikono yake ilisifiwa na kila aliyeiona. Lakini kufuma ni kazi ya kukaa. Alikaa mbele ya mtambo tangu asubuhi hadi jioni, akala maandazi ya kukaangwa yaliyopitishwa mlangoni, kisha akarudi nyumbani akakaa tena. Mwaka baada ya mwaka mwili uliongezeka, magoti yakaanza kuuma, na nesi wa zahanati akamwonya kwamba presha imepanda na sukari nayo inanyemelea. Kuinama hadi miguuni kulikuwa kumemshinda kitambo.

Lineo hakujali kufunga kamba. Kilichomuumiza ni kingine. Alikuwa mfungaji wa timu ya netiboli ya shule, na uwanja wao ulikuwa juu ya mlima, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na tambarare ya kutosha. Siku ya mechi, mama za wenzake waliibuka mmoja mmoja pale njia ya mlimani inapoishia, blanketi mabegani, wakapiga vigelegele. Lineo alikuwa amecheza miaka mitatu sasa. Mama yake hakuwahi kumwona hata mara moja.

"Mmeshinda?" Malineo alimwuliza kila alipoingia nyumbani.

"Tumeshinda. Nimefunga tisa."

"Nisimulie basi, taratibu. Ulisimama wapi? Uliruka vipi?"

Lineo alisimulia huku mama yake amefumba macho na kutabasamu. Alisimulia vizuri, goli baada ya goli, kisha akaenda nyuma ya nyumba akajifanya anakata kuni. Binti alitamani kuonwa, mama alitamani kuona, na kilichowatenganisha kilikuwa kilima ambacho mbuzi walikipanda wakicheza.

Mwezi wa pili wakaja wafadhili. Mfuko mmoja wa hisani wa mji mkuu, Maseru, ulikuwa umesikia kwamba wafumaji wengi wanaugua kwa sababu ya unene, ukaamua kusaidia. Ulimlipa nesi aitwaye Mpolokeng, ukanunua viatu vya kutembelea, ukaleta na mizani mpya inayong'aa. Jumanne na Alhamisi wanawake walitembea pamoja saa nzima kabla ya kazi. Ijumaa nesi aliwafundisha kupika mboga bila kuzizamisha kwenye mafuta. Mara moja kwa mwezi walipimwa uzito barazani, na nesi akatangaza kilo za kila mmoja ili ziandikwe.

Baada ya mwezi wa kwanza Malineo alikuwa amepungua kilo nne. Lineo alifurahi kupita kiasi. Watu wengine hawakufurahi.

"Malineo, mbona sketi inakuzunguka kama ya kuazima?" aliuliza jirani yao Matsepo, mfumaji mwenzake, walipokutana bombani. "Unalala vizuri kweli?"

"Nalala vizuri. Natembea tu, kama wewe."

"Mimi nakuamini. Ila wenzetu wameshaanza kunong'ona."

Kweli walinong'ona. Mtaani kwao mtu akikonda, watu husema ana Ukimwi, tena husema kwa sauti ya chini wakimtazama kwa huruma inayochoma. Jumapili iliyofuata wanawake wa kanisani walifika nyumbani kwao bila kualikwa, wakaimba nyimbo tatu za huzuni, wakamwombea Malineo safari njema. Aliwapikia chai huku amekunja uso. Walipoondoka alikwenda mtoni, akarudi na mawe madogo yamejaa ndani ya kitambaa.

"Lineo, macho yako ni mazuri. Nitungie uzi kwenye sindano, halafu unishonee mifuko kwenye upindo wa shimizi hili."

"Ya nini, mama?"

"Ya mawe. Kilo zikirudi, midomo itafungwa."

"Si ndiyo kudanganya huko?"

"Tunadanganya mizani. Mizani haina roho."

Lineo alishona. Kila mwezi mama yake alipopungua, yeye aliongeza jiwe. Na mama yake hakuwa peke yake. Msimu wa baridi ulipoingia na wanawake wote wakajifunika mablanketi mazito, haikuwa rahisi kujua nani amebeba nini. Karatasi za nesi zilionyesha kwamba hakuna mfumaji aliyepungua hata robo kilo.

Lakini Lineo alijua ukweli. Mwezi wa sita mama yake aliinama akafunga kamba za viatu vyake mwenyewe. Mwezi wa saba alipanda mlima hadi kwenye mshubiri mkubwa ulio nusu ya njia, akasimama hapo akihema, akatazama juu kwa muda mrefu. "Bado kidogo," alisema, kisha akateremka. Tangu siku hiyo Lineo alianza kuhesabu mechi zilizobaki kabla ya msimu kwisha.

Mwezi wa nane Mohapi, mwakilishi wa ule mfuko, ambaye wote walimwita Ntate, yaani bwana, alifika kwenye karakana ya wafumaji. Alikuwa mtu mpole mwenye kitambi chake cha mjini na faili kubwa kwapani. Lineo alikuwa ametoka shule, akaketi barazani akimsubiri mama yake, akasikia kila neno.

"Akina mama, nawaheshimu sana," alisema Ntate Mohapi. "Lakini wakuu wangu husoma karatasi. Mwezi wa kwanza wachache mlipungua, kisha kilo zote zikarudi. Ijumaa tutapima kwa mara ya mwisho. Kama hali ni hii, nesi na viatu vitapelekwa wilaya nyingine."

Wanawake waliinamisha macho.

Jioni ile Malineo alimpa binti yake sindano na lile shimizi. Lineo alivishika, kisha akaviweka mezani.

"Mama, sishoni."

"Umesemaje?"

"Sishoni. Nisamehe, mama. Wakiondoka, utarudi kukaa. Na umebakiza nusu tu ya mlima."

"Wewe unajua kusemwa?" Sauti ya Malineo ilipanda. "Dada yake Matsepo alikonda kwa kufiwa na mume tu. Watu wakamkwepa, hata maji akawa anachota peke yake. Unataka nami nikimbiwe?"

"Sitaki. Ndiyo maana nimeshona miezi yote hii. Ila kila mechi huwa natazama pale njia inapoishia, mama. Hata siku ninayojua huji, natazama tu."

Malineo alivuta shimizi, akashona mwenyewe, akijichoma vidole. Walikula ugali na mboga, na Lineo alijutia maneno yake, ingawa hakuona ni lipi kati ya hayo lililokuwa la uongo.

Ijumaa baraza lilijaa. Nesi Mpolokeng aliita majina. Zamu ya Malineo ilipofika, alisogea hadi kwenye mizani, akainua mguu mmoja, kisha akaurudisha chini. Aligeuka akamtafuta Lineo aliyesimama karibu na mlango.

"Ntate Mohapi, ngoja kwanza," alisema.

Aliingiza mkono chini ya blanketi, akakata uzi, akaweka jiwe mezani. Akaweka la pili. Aliendelea hadi yakawa tisa.

Ghafla Matsepo akasonya. "Haya, na mimi nipumue. Kitu hiki kimenichubua paja tangu alfajiri." Akachomoa pasi ya mkaa kutoka ndani ya blanketi lake, akaitua mezani kwa kishindo. Mwingine akatoa kufuli mbili. Bibi mmoja mzee akatoa kichwa cha shoka. Wanawake wakaangua kicheko, na nesi akafunika mdomo kwa kitabu chake.

Ntate Mohapi peke yake hakucheka. "Yaani mlikuwa mnatuficha kwamba mnapona?"

"Tulikuwa tunawaficha majirani," alijibu Malineo. "Nyinyi mnatangaza kilo zetu hadharani kama mbuzi wa mnadani, na hapa kwetu mtu akikonda anaanza kuimbiwa. Mimi nimeimbiwa nyimbo tatu nikiwa hai. Mngetuuliza, tungewaambia. Hakuna aliyetuuliza."

"Basi nauliza leo. Nyinyi mnataka nini?"

Malineo alinyosha kidole kuelekea mlimani. "Nataka kupanda mlima ule nimwone mwanangu akicheza. Hizo kilo zako sijui hata zinafananaje. Huyu Matsepo anataka kumbeba mjukuu wake bila kuhema. Tupimeni hayo."

Ntate Mohapi alifungua faili lake, akageuza kurasa, akalifunga. "Kosa letu ni kubwa kuliko lenu," alisema. "Karatasi yangu haina hata mahali pa kuandika mlima. Siwezi kuahidi, lakini wakuu wangu watausikia ukweli huu wote, na habari ya ile pasi nitawaeleza pia."

Wiki mbili baadaye jibu likaja. Mfuko ungebaki mwaka mwingine. Mizani ilihamishiwa chumbani, na kilo za mtu zikawa siri yake na nesi. Kilichoandikwa kwa wakuu sasa kilikuwa presha, sukari na mwendo ambao kila mmoja anaweza kutembea. Wanawake wa kanisani nao walialikwa kutembea, na walipoanza kuhema kwenye mwinuko hawakupata nafasi ya kumsengenya mtu.

Mechi ya mwisho ya msimu ilichezwa Jumamosi, mipichi ikiwa imechanua maua ya rangi ya waridi bondeni. Malineo alikuwa amesema, "Leo nitajaribu." Lineo alicheza akitazama njia. Walikuja mama wa wengine. Kipindi cha kwanza kikaisha, cha mwisho kikaisha, timu yake ikafungwa kwa goli moja, na watu wakaanza kuteremka. Alibaki kukusanya jezi, akijiambia kwamba hana haki ya kulia kwa jambo dogo namna hiyo. Alilia hata hivyo.

Aliposikia mtu akikohoa, aliinua macho. Mama yake alikuwa amesimama ukingoni mwa uwanja, blanketi amelifunga kiunoni, uso umelowa jasho. Nyuma yake Ntate Mohapi, aliyetaka kujionea huo mlima, alikuja akiburura miguu, koti mkononi, hana pumzi hata ya kusalimia.

"Tumeanza saa sita," alisema Malineo. "Ningefika mapema, ila huyu mgeni alitaka kupumzika kila kona."

"Mechi imekwisha, mama. Tumefungwa."

Malineo aliketi juu ya jiwe, akamvuta binti yake karibu. "Siku uliyokataa kushona nilikukasirikia, mwanangu. Sasa nakushukuru. Anayeficha ugonjwa hukosa dawa, na sisi tulificha hata kupona, nusura tukose msaada. Afya yangu ni yangu, usiniache tena niwaachie majirani waipime."

"Na anayekuja kusaidia aanze kwa kuuliza," Ntate Mohapi alimalizia, akiwa bado ameshika mbavu. "Hilo nitaliandika mimi mwenyewe."

"Haya, simama pale unaposimama siku zote," alisema Malineo. "Nimepanda mlima mzima. Nionyeshe."

Lineo alifuta macho, akachukua mpira, akasimama mahali pake. Aliruka, akarusha. Mpira uligonga chuma cha pete, ukaruka nje, ukabingirika hadi miguuni kwa mama yake. Lineo aliona aibu hadi masikioni.

Malineo aliinama, akauokota, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Kumbe huwa unakosa," alisema. "Hilo hukunisimulia hata siku moja."