Doa Kwenye Fomu ya Njoroge

Nina miaka ishirini na miwili, na ninasoma mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Nairobi. Wasomaji wenzangu, mkiniona nikipita mjini na vitabu kwapani mtadhani mimi ni kijana mwenye bahati. Laiti mngejua ni nafasi ya nani ninayoiona kila ninapoingia darasani...

Sikupitia shule ya sekondari. Nilipotoka kwetu magharibi nilikuja kukaa na mjomba wangu, mpishi wa Mzungu mmoja nyuma ya maduka ya Adams Arcade. Nilijisomea mwenyewe katika chumba chake, kwa masomo yaliyoletwa na posta. Nilikuwa na ugonjwa mmoja: sikuvumilia kosa. Herufi moja ikipinda, naandika ukurasa wote upya. Mjomba alikuwa akinicheka kwamba siku moja nitaupigia hata uji mstari kwa rula.

Njoroge nilikutana naye posta. Alikuwa kijana wa Dagoretti, mtoto wa familia ya kanisa, naye alijisomea kama mimi. Vitabu tulivyokuwa navyo ni vya watu wawili: wiki moja kwangu, wiki moja kwake. Tulifanya mtihani pamoja, tukafaulu pamoja. Furaha tuliyokuwa nayo siku ile sijaipata tena!

Zikaja fomu za kuchagua masomo. Kila mwanafunzi alitakiwa aandike masomo yake, apange saa zake kwa wiki nzima zisigongane, kisha atie sahihi. Mwisho ulikuwa Ijumaa saa sita mchana. Asiyejiandikisha, nafasi yake inapewa mwingine.

Hizo zilikuwa siku za Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Mimi niliweza kwenda mjini nipendavyo. Njoroge, kwa kuwa ni Mkikuyu, alihitaji kibali kila mara, na kibali kilichukua siku kadhaa. Kwa hiyo Jumatatu, siku ya mwisho ya kibali alichokuwa nacho, aliniletea fomu yake, imejazwa, imetiwa sahihi. Aliniomba niipeleke pamoja na yangu.

Nilipoipitia niliona fizikia na hesabu zinagongana Jumatano asubuhi. Nikamwambia nitamrekebishia.

Alinijua. Alipanda baiskeli yake, akageuka akasema, "Wafula, usiipambe. Ipeleke tu."

Kwa nini sikumsikia?

Jumanne nilihamisha saa ile ya hesabu, nikafuta, nikaandika juu yake. Ikapendeza. Lakini nilipoinua kalamu, tone la wino likaanguka pembeni mwa karatasi. Halikugusa jina wala somo. Mtu mwingine angekausha akaendelea na shughuli zake. Mimi sikulala vizuri. Niliona karani akiishika fomu ile, akiliangalia lile doa, akituona sisi wawili kuwa watu wachafu waliojifundisha vichochoroni.

Jumatano nilikwenda chuoni nikaomba fomu nyingine. Nilikuwa na zile mbili mfukoni, wasomaji. Yangu na yake! Ningeweza kuziacha pale pale mezani. Nikarudi nazo nyumbani.

Alhamisi akaja Wambui, dada yake Njoroge, aliyekuwa na kibali cha kutuletea mboga jikoni kwa mjomba. Alisema kaka yake anauliza kama fomu imefika, maana kama kuna shida, mzee wa kanisa anaweza kumsaidia apate kibali cha haraka, aje mwenyewe Ijumaa.

"Mwambie imefika," nikasema. "Asijisumbue."

Nilijiambia si uongo. Kesho ingekuwa imefika kweli... Niliketi nikainakili upya, polepole, kila herufi imesimama wima. Ilikuwa fomu nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Ile yenye doa nikaitia kwenye jiko la mjomba, ili mtu asije akaiona.

Ijumaa saa tano nilikuwa mbele ya karani. Yangu aliipiga muhuri. Ya Njoroge aliisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akafika chini akasimama.

"Hii haina sahihi ya mwenyewe," alisema. "Yuko wapi?"

Sahihi! Nilikuwa nimenakili kila kitu nikasahau kile kitu kimoja ambacho mkono wangu haukuweza kukinakili. Na sahihi yenyewe ilikuwa majivu.

Karani hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza kama kuna fomu ya kwanza, hata iwe imechafuka, niilete. Hapo ndipo ningemweleza yote. Labda angekwenda kumwomba mkubwa wake. Lakini niliogopa. Niliogopa akijua nimechezea fomu ya mtu, ataichukua tena na yangu, aitazame vizuri, aikatae.

Nikamjibu kwamba mimi sijui, nimetumwa tu. Nikaondoka.

Siku ya kufungua chuo Njoroge alikuja na sanduku la bati, amevaa koti la baba yake. Tulisoma majina ubaoni mara tatu. Langu lilikuwepo. Kibali chake kilikuwa cha siku ile tu. Bila karatasi ya chuo, jioni ilibidi awe ametoka mjini, la sivyo angekamatwa.

Nilimwambia labda ofisi imeipoteza. Nilimwambia hivyo huku ninamtazama usoni.

"Wewe ulifanya yako, ndugu yangu," alinijibu. Akafungua sanduku, akatoa bikari yake ya shaba, ile tuliyochorea pamoja duara zote, akanipa. "Shika. Kule kwetu itapata kutu tu."

Mwaka mzima niliishika bikari ile. Jumatano asubuhi, saa ile ya fizikia, benchi langu lilikuwa la watu wawili na nilikaa peke yangu. Nikisikia mlango unafunguliwa, moyo unaruka. Kila mara nilidhani ni yeye, amekuja kuuliza.

Mwezi uliopita nilishindwa kuendelea. Nilipanda baiskeli hadi Dagoretti nikamkuta kwenye machimbo ya mawe, anakopimia mawe kwa kamba. Nilimweleza kila kitu, tangu wino hadi jiko. Nikamrudishia bikari.

Nilitegemea anipige. Ningeshukuru kama angenipiga! Alijifuta vumbi la mawe lililomjaa kwenye nyusi. Kisha akaniuliza jambo moja tu.

"Hilo doa, lilikuwa kubwa kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa ncha ya kidole kidogo.

Alikitazama kidole changu. Akaiweka bikari juu ya jiwe, akaokota kamba yake, akarudi kazini. Hakuniaga.

Ndugu zangu wasomaji, mnaokaa na kalamu mkitafuta kazi isiyo na kasoro, nawasihi: mkikabidhiwa karatasi ya mwenzenu, ifikisheni ilivyo, na madoa yake yote. Na mkikosea, semeni siku ile ile, mbele ya karani, wakati saa sita bado haijafika. Mimi nilisema baada ya mwaka. Barua hii nimeiandika mara moja tu. Ina doa hapa chini, nami nimeliacha.